Barua ya wazi kwa viongozi wa TAMISEMI: tuambieni kabla ya mkutano kama tunaarifiwa, tunaulizwa au tunaamua

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI);
Makatibu Tawala wa Mikoa;
Wakurugenzi Watendaji na Wenyeviti wa Halmashauri zote.

YAH: NGAZI ZA USHIRIKI WA WANANCHI KATIKA MAAMUZI YA SERIKALI

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mkazi wa kijiji na mtu aliyewahi kuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Sikuja kulalamikia mradi mmoja wala mtendaji mmoja. Nimekuja kwa sababu ya jambo linalojirudia karibu kila mahali Serikali inapokutana na wananchi. Tunaitwa mkutanoni, tunasikiliza, wachache wetu wanasema, karatasi ya mahudhurio inazungushwa nasi tunatia saini, kisha tunaondoka bila kujua kama tulikuwa tumekuja kupewa taarifa, kutoa maoni au kufanya uamuzi. Miezi michache baadaye karatasi ile inaonekana imeambatishwa kwenye andiko la mradi, na maelezo yaliyo juu yake yanasema kwamba wananchi wameridhia.

Ombi langu ni moja. Kila tangazo la mkutano unaohusu ardhi, fedha au mradi wa umma liseme wazi wananchi wanaitwa kwa ngazi ipi ya ushiriki, na taarifa itakayoandikwa baada ya mkutano ipimwe kwa ngazi hiyohiyo. Mengine yote nitakayoyaeleza yanatokana na hilo.

Katiba yetu haina utata katika jambo hili. Ibara ya 8 inawataja wananchi kuwa msingi wa mamlaka yote na inataka washiriki katika shughuli za Serikali yao. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu. Na Ibara za 145 na 146 zinaziweka serikali za mitaa kwa madhumuni ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Sijawahi kumsikia kiongozi akizipinga ibara hizi hadharani. Tatizo ni kwamba Katiba inautaja ushiriki kwa ujumla, ilhali sheria zilizo chini yake zinaugawa kwa vipimo vinavyotofautiana sana, na wananchi wengi, pamoja na watendaji wengi, hawajui kipimo kipi kinatumika wapi.

Tangu mwaka 1969, Mmarekani Sherry Arnstein alipoandika makala kuhusu ushiriki wa raia akiuchora kama ngazi yenye vipandio vinane, wataalamu wa mipango wamezoea mchoro huo: chini wananchi wanachezewa, katikati wanaarifiwa na kuulizwa, juu wanashika uamuzi. Sina ugomvi nao isipokuwa kwa jambo moja, kwamba unamfanya mtu adhani kupanda ni kuzuri daima na kubaki chini ni aibu. Kukiwa na mlipuko wa kipindupindu sihitaji kupiga kura kuhusu kufungwa kwa kisima. Nahitaji kuambiwa mapema na kwa ukweli, na kuonyeshwa nitakapochota maji mengine. Njia ya umeme wa msongo mkubwa inayokatiza mikoa mitatu haiwezi kuamuliwa na kijiji kimoja, ingawa kijiji hicho lazima kiulizwe nguzo zipite wapi na fidia ikokotolewe vipi. Kuarifiwa ni ngazi halali, na kuulizwa ni ngazi halali. Kinachovunja imani ni kumwita mtu kwa ngazi moja, kisha kuandika kwenye taarifa kwamba alikuwepo kwa ngazi nyingine.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 imeupa mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, mamlaka ya juu katika mambo ya sera ya kijiji. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inachaguliwa na wanakijiji na kuwajibika kwao, na mkutano mkuu unatakiwa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000, kwa hiyo kama utaratibu huo ungefuatwa kikamilifu tungekuwa na mikutano zaidi ya 48,000 kwa mwaka ambamo wananchi wa kawaida wanasomewa mapato na matumizi, wanahoji na kuamua. Kisheria tumejaliwa chombo ambacho mataifa mengi yanakitamani. Wenzetu wa mijini hawana bahati hiyo, kwa kuwa mtaa, tofauti na halmashauri ya kijiji, hauna hata hadhi ya kuwa chombo chenye nafsi yake kisheria. Hilo linastahili barua yake.

Sehemu ambayo vipimo hivi vinaonekana waziwazi kuliko zote ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Sheria hiyo inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa msimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, nayo inaizuia kugawa ardhi au kutoa hakimiliki ya kimila bila mkutano mkuu kuridhia kwanza. Hapo tunaamua. Lakini linapokuja suala la kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, yaani ardhi isiyo ya kijiji wala ya hifadhi na iliyo chini ya Serikali Kuu, ambalo ndilo linalomhusu mwekezaji mkubwa, kifungu cha 4 kinaweka mpaka wa hekta 250. Eneo likiwa chini ya hapo, mkutano mkuu ndio unaoridhia au kukataa. Likizidi hapo, mwenye kuridhia au kukataa ni Waziri, baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano mkuu. Kifungu hichohicho kinampa Rais uwezo wa kuelekeza ardhi ya kijiji ihamishwe kwa manufaa ya umma. Kwa hiyo ndani ya kifungu kimoja cha sheria moja mwananchi ana ngazi tatu za ushiriki.

Tazameni maana yake, waheshimiwa. Mwanakijiji aliyeketi chini ya mwembe mbele ya mwenyekiti wake ni mwamuzi kamili kuhusu hekta 200, na ni mtoa maoni tu kuhusu hekta 300. Kadiri jambo linavyokuwa kubwa na hasara ya kukosea inavyokuwa nzito, ndivyo kauli yake inavyopungua uzito. Naweza kuifahamu hoja ya mtunga sheria, kwamba maeneo makubwa yanagusa maslahi ya taifa zima na kwamba kijiji kidogo kinaweza kurubuniwa na mtu mwenye fedha nyingi. Nisichoweza kukifahamu ni kwa nini mpaka huo hausomwi mkutanoni. Ofisa anayekuja na ugeni wa mwekezaji anaeleza ajira, barabara na faida. Akiulizwa, anajibu kwamba wananchi ndio wenye ardhi na ndio wenye kauli ya mwisho. Kwa eneo linalozidi hekta 250 jibu hilo si kweli, na anayelitoa, kama kazi yake ni ardhi, anapaswa kulijua.

Wilayani Kisarawe, mwishoni mwa miaka ya 2000, vijiji kadhaa viliachia kwa pamoja zaidi ya hekta 8,000 kwa ajili ya kampuni ya kigeni iliyokuja kulima mibono ya kukamua mafuta. Vilikubali kwa matumaini ya ajira na huduma za jamii. Kufikia mwaka 2011 mradi ulikuwa umesimama na watu wengi wamepoteza vibarua. Ardhi nayo ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwa vijiji, kwa kuwa ardhi iliyohamishwa kuwa ya jumla hairudi yenyewe kijijini eti kwa sababu mwekezaji ameondoka. Najiuliza ni wangapi kati ya waliotia saini siku zile walielezwa mambo hayo mawili: kwamba maneno yao yalikuwa pendekezo kwa Waziri, na kwamba safari ya ardhi hiyo ilikuwa ya kwenda bila kurudi. Kama wangeelezwa, huenda bado wangekubali. Lakini wangekubali kwa masharti, na masharti hayo yangeandikwa.

Upande wa misitu nchi hii ina historia inayostahili kusimuliwa mara nyingi zaidi katika semina za TAMISEMI. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikuwa mbioni kuutangaza msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, kuwa hifadhi yake. Wakazi walipoona mipaka inapimwa, wengi walikimbilia kukata miti na kufungua mashamba kabla msitu haujachukuliwa. Mtu anayeamini kwamba kesho hatakuwa na sauti juu ya mali hana sababu ya kuitunza leo. Walioshughulikia suala hilo walikuwa na hekima ya kusimama na kuzungumza na watu, na mpango ukageuzwa: vijiji vinane vikakabidhiwa msitu, kila kimoja kikachukua sehemu yake, kikatunga sheria ndogo za matumizi, kikateua walinzi wake, na Halmashauri ya Wilaya ikaziridhia sheria hizo. Uvamizi ukapungua, na msitu ukaanza kurudi katika hali yake. Serikali haikuajiri askari wapya wala kuleta fedha nyingi ili hilo litokee. Iliwapa watu uamuzi, ikabaki na kazi ya ushauri.

Uzoefu wa Babati ulichangia kuzaa Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002, ambayo inatambua namna mbili za kuwahusisha wananchi. Ya kwanza ni hifadhi ya msitu ya kijiji, ambayo kijiji ndicho chenye mali na ndicho msimamizi. Ya pili ni usimamizi wa pamoja, ambapo msitu unabaki kuwa wa Serikali na kijiji kinaingia makubaliano ya kusaidia kuutunza kwa kupata mgawo fulani. Ni ngazi mbili tofauti kabisa, moja ya uamuzi na nyingine ya ubia. Lakini mkutanoni zote mbili huletwa kwa jina moja la usimamizi shirikishi, na kijiji kilichoingia katika ile ya pili kinasubiri matunda ya ile ya kwanza. Wanasikia kwamba vijiji vya Kilwa, mkoani Lindi, vinauza mpingo na mbao nyingine kutoka misitu yao, kwamba baadhi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kuwa msitu unavunwa bila kuharibiwa, kwamba fedha zinapangwa na mkutano mkuu, nao wanauliza zao ziko wapi. Hakuna aliyewadanganya kwa kukusudia, bali hakuna aliyewaambia wako kwenye ngazi ipi.

Nije kwenye bajeti, maana ndipo watu wengi wanapokata tamaa.

Kila mwaka kijiji kinaitwa kuibua miradi kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ulioanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuboreshwa baadaye. Tunakaa, tunataja vipaumbele vyetu, zahanati, kivuko cha waenda kwa miguu, josho, nyumba ya mwalimu, na mtendaji wa kijiji anaandika. Orodha inapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, inakwenda kwa afisa mipango wa halmashauri, inafika kwenye baraza la madiwani, na huko inakutana na ukomo wa bajeti uliowekwa Hazina pamoja na vipaumbele vya kitaifa ambavyo tayari vina fedha zake. Kinachobaki kwa ajili ya maombi ya vijiji ni kidogo. Hilo silioni ajabu, kwa kuwa fedha hazitoshi na mtu mzima yeyote aliyeendesha nyumba anajua maana ya kutotosha. Ninachokipinga ni kwamba orodha inapanda na haishuki. Hakuna anayerudi kijijini kusema kwamba katika mambo matano mliyoomba, moja limeingia, mawili yamekataliwa kwa sababu hizi, na mawili yatafikiriwa mwakani. Mwaka unaofuata tunaitwa kuibua upya, tunataja yaleyale, na idadi ya waliokuja imepungua.

Sura mbaya kuliko zote ya ukimya huo ni maboma, yaani majengo yaliyoanzwa na kuachwa bila kumaliziwa. Mnayafahamu vizuri, kwa sababu kila mwaka bungeni mnaulizwa maswali kuhusu maboma ya zahanati, madarasa na nyumba za watumishi. Kijiji kinaamua, kwa mkutano halali, kujenga zahanati. Watu wanachangishana, wanasomba mawe na mchanga, wanafyatua matofali, ukuta unafika kwenye lenta. Uamuzi wa kuanza ulikuwa wetu kabisa, na mara nyingi viongozi walitusifu kwa moyo huo. Uamuzi wa kumalizia, wa bati, milango, dawa na muuguzi, uko halmashauri na wizarani, na siku tunaanza kuchimba msingi hakuna aliyekaa nasi kutuonyesha mamlaka yetu yanaishia wapi na yenu yanaanzia wapi. Kwa hiyo ukuta unanyeshewa mvua kwa miaka. Nguvu za wananchi zilizolala katika maboma hayo hazikupotea kwa uvivu wa mtu, zimelala katika pengo kati ya ngazi mbili za maamuzi.

Haki inanilazimisha kutaja pia palipokwenda vizuri. Katika mwaka wa fedha 2021/22, shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa zilipotumika, pamoja na mambo mengine, kujenga madarasa 15,000, uamuzi wa nini kijengwe ulitoka juu, ramani ilitoka juu, na tarehe ya kukamilisha ilitoka juu. Wananchi hawakuulizwa kama wanataka madarasa. Lakini ziliundwa kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi, zenye kazi inayoeleweka, na watu wa kawaida wakahesabu mifuko ya saruji, wakakagua nondo na kuhoji bei. Ulikuwa ushiriki wa kusimamia utekelezaji tu, na kwa kuwa hakuna aliyedai kuwa ni zaidi ya hapo, sikusikia manung'uniko mengi juu yake. Hiyo ndiyo sababu nasema ngazi ya chini iliyotajwa kwa ukweli ina heshima kuliko ngazi ya juu iliyotajwa kwa uongo.

Kitaifa tuna funzo kubwa zaidi, ingawa halimo katika mamlaka yenu ninyi ninaowaandikia. Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi kukusanya maoni, ikayarudisha kwenye mabaraza ya katiba mwaka 2013, na kukabidhi rasimu ya pili mwishoni mwa mwaka huo. Rasimu ilipendekeza muungano wa serikali tatu. Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalumu Oktoba 2014, ilirudi kwenye serikali mbili. Na kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa na haijafanyika. Kisheria hapakuwa na siri: Tume inakusanya, Bunge Maalumu linaamua, wananchi wanathibitisha kwa kura. Lakini wengi waliotoa maoni mbele ya Tume walidhani wameamua, na hatua pekee ambayo wananchi wangeamua kweli ndiyo ambayo haikufika. Uchungu uliobaki hautokani na suala la idadi ya serikali peke yake. Tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021 ilitufundisha kinyume chake, kwamba mahali ambapo wananchi hawakuulizwa vya kutosha kabla, huulizana wenyewe baada ya makato kuanza. Septemba mwaka huohuo ilipunguzwa kwa asilimia 30, na ikaendelea kupunguzwa miaka iliyofuata.

Najua majibu ambayo baadhi yenu mnayo tayari. Mtasema wananchi hawaji, akidi haitimii, na mkutano ulioitishwa saa nne asubuhi unaanza saa nane na watu thelathini. Ni kweli. Vilevile ni kweli kwamba wapo wenyeviti wa vijiji wanaokwepa kuitisha mkutano mkuu kwa sababu hawataki kusoma mapato na matumizi, na kwamba wapo wanakijiji wanaouza kauli yao kwa soda na fulana. Sitaki kuutakasa mkutano wa kijiji. Lakini mtu anayepoteza siku ya palizi anataka kujua anaipoteza kwa ajili ya nini. Ukimwambia waziwazi kwamba leo mkutano unapiga kura kukubali au kukataa kutoa eneo la malisho, atakuja, na wale wasiokubaliana naye watakuja pia. Ukimwandikia tangazo lenye maneno "mkutano wa hadhara, wote mnakaribishwa", ana haki ya kwenda shambani.

Tena si kila asiyekuja amesusa. Mikutano ya kupanga matumizi ya ardhi hufanyika wakati wafugaji wamehamisha mifugo kufuata maji, na eneo lao linapangwa wakiwa hawapo. Mama anayefika akiwa na mtoto mgongoni anaketi nyuma, na msemaji wa kwanza mpaka wa kumi ni wanaume wa mstari wa mbele. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilijua hivyo ilipoagiza baraza la ardhi la kijiji la watu saba liwe na wanawake wasiopungua watatu; mkutano mkuu wenyewe hauna kinga kama hiyo, na msimamizi asiye makini anahesabu makofi badala ya kura.

Mtasema pia kwamba mambo mengine ni ya kitaalamu. Yapo. Lakini historia yetu inatutaka tuwe waangalifu na hoja hiyo. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa katika mpango wa madaraka mikoani, na wataalamu wa mikoa na wilaya wakashika mipango yote kwa nia njema ya kuharakisha maendeleo; zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Mtaalamu anajua kina cha kisima. Hajui ni nani hatakitumia kwa sababu ya ugomvi wa koo mbili, na hatajua kama hakuuliza.

Sasa nieleze ninavyofikiri ombi langu linaweza kutekelezwa bila sheria mpya wala bajeti mpya. TAMISEMI itoe waraka unaoagiza kila tangazo la mkutano litaje ajenda, litaje ngazi, yaani taarifa, maoni, ubia wa utekelezaji au uamuzi, na litaje kifungu cha sheria kinachoipa ngazi hiyo nguvu. Tangazo libandikwe kwenye mbao za matangazo za vitongoji vyote siku za kutosha kabla, na nyaraka husika, hasa mkataba au ramani, ziwe zimefika ofisi ya kijiji kwa Kiswahili kinachosomeka. Mahudhurio yatenganishwe na uamuzi: karatasi moja ionyeshe nani alikuja, na nyingine, ndani ya muhtasari, ionyeshe hoja iliyopigiwa kura, waliokubali, waliokataa na wasiopiga. Andiko lolote la mradi litakaloambatisha mahudhurio peke yake kama ushahidi wa ridhaa lirudishwe lilikotoka. Hili la mwisho naliomba kwa msisitizo kuliko yote, kwa sababu wakurugenzi mnaweza kulianza hata kesho katika halmashauri zenu.

Pale tunapoulizwa tu, tupewe majibu. Baraza la madiwani likishapitisha bajeti, kila kijiji kirudishiwe orodha yake ikiwa na maelezo mafupi ya kilichoingia, kilichoachwa na sababu yake, nayo isomwe katika mkutano mkuu unaofuata. Majirani zetu wa Kenya wamelibishania suala la ushiriki wa umma, pamoja na wajibu wa kutoa sababu za kukataa maoni, mpaka kwenye mahakama zao za juu: Mahakama ya Rufani iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 Julai 2024, na Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo Oktoba mwaka huohuo. Sipendi tufike huko. Ukurasa mmoja wa majibu kwa kila kijiji una gharama ndogo kuliko kesi moja.

Kuhusu ardhi inayozidi hekta 250, najua kubadilisha kifungu ni kazi ya Bunge. Hata hivyo hakuna sheria inayomzuia Waziri mwenye dhamana ya ardhi kueleza kwa maandishi, kwa kijiji husika, jinsi alivyoyazingatia mapendekezo ya mkutano mkuu, hasa anapoamua kinyume chake. Na hakuna kinachowazuia ninyi, kama wasimamizi wa serikali za vijiji, kumwomba afanye hivyo. Kuhusu maboma, kijiji kinapopitisha uamuzi wa kuanza jengo la huduma, halmashauri iwe imetia saini kabla ya msingi kuchimbwa kwamba itamalizia katika mwaka upi wa fedha, au iseme mapema kwamba haitaweza, ili nguvu hizo tuzielekeze kwingine.

Vijiji huanza kuibua miradi kila mwaka mara mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti unapotolewa. Naomba waraka huu utoke pamoja na mwongozo unaofuata, na kama kuna sababu ya kutoutoa, naomba sababu hiyo nayo itangazwe. Nimeshamwandikia mwenyekiti wa kijiji chetu kuomba barua hii iingizwe kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa robo mwaka ijayo, katika sehemu ya taarifa, kwa kuwa hakuna cha kupigia kura mpaka mtakapojibu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa kijiji na mjumbe wa zamani wa halmashauri ya kijiji

Nakala: Diwani wa Kata, Mtendaji wa Kata, Mwenyekiti wa Kijiji, Mbao za matangazo za vitongoji.